Maswali yenu: sabufa, resiva na sauti ya saraundi

Shikamoo fundi. Nina sabufa yenye spika tano, dukani waliniambia ni 5.1. Mbona mtangazaji wa taarifa ya habari anaongea mpaka nyuma ya kochi? (Dodoma)

Marahaba. Hiyo inanakili tu. Kwenye saraundi ya kweli, maneno hutoka spika ya katikati, pale chini ya TV. Za nyuma huachiwa mvua, magari, makofi ya uwanjani. Geuza sabufa uangalie mgongo wake. Ukikuta tundu jekundu na jeupe peke yake, basi inapokea njia mbili na kuzigawa kila mahali. Ukikuta matundu sita, inasubiri deki ya DVD iichambulie sauti, maana yenyewe haina prosesa. Prosesa ndicho kitu unachokikosa: inapokea sauti iliyofungwa, inaifungua na kutoa njia tano kamili na ya sita ya besi. Hiyo ya sita huandikwa "nukta moja" kwa kuwa hubeba mlio mzito tu, usiozidi hertz 120. Ili uipate, tafuta resiva, yaani amplifaya yenye prosesa ndani, iwe na HDMI, au angalau tundu la optiko (la waya unaopitisha sauti kwa mwanga), na nembo ya Dolby au DTS, ambayo ni mifumo ya kufunga sauti hiyo.

Mdogo wangu yuko Texas, ananitumia resiva ya mtumba. Ikifika nichomeke tu? (Mombasa)

Usichomeke! Soma kwanza maandishi ya nyuma, karibu na waya wa umeme. Resiva za soko la Marekani nyingi zimeandikwa volti 120, hertz 60, na wewe ukutani una 240 na hertz 50. Mimi niliwahi kuchomeka ya namna hiyo kwa papara, siku ya fainali, nyumba imejaa wageni. Ilisema "tap" mara moja, ikafuata harufu ya vanishi inayoungua, tukahamia kwa jirani na sahani zetu za pilau mkononi.

Ikishafika, nunua transfoma ya kushusha umeme, tena kubwa kuliko inavyoonekana kuhitajika: resiva iliyoandikwa wati 500, ipe transfoma ya VA 1000. Transfoma hiyo haibadilishi hertz, kwa hiyo kama resiva imeandikwa 60 peke yake, itazamie joto na usiifungie kabatini. Ila kabla mdogo wako hajapeleka mzigo posta, jumlisha bei yake, usafirishaji wa kitu cha kilo kumi hivi, na hiyo transfoma. Mara nyingi utakuta mpya ya volti 220 hadi 240 haiko mbali.

Nimeona prosesa inauzwa peke yake, haina amplifaya ndani. Ni bora zaidi? (Kampala)

Ni ya mwenye chumba maalumu cha sinema na amplifaya zake pembeni. Kwa sebule, chukua resiva. Prosesa imo humo humo.

TV ina HDMI iliyoandikwa ARC na pia tundu la optiko. Nitumie lipi? (Arusha)

ARC, ambayo hurudisha sauti ya TV kwenye resiva kwa waya wa HDMI. Optiko hupitisha njia mbili za sauti wazi, au 5.1 iliyobanwa, basi. ARC huongeza Dolby Digital Plus, na Netflix hutumia hiyo kubebea Atmos, saraundi inayoongeza sauti za juu. Ukiona eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, hiyo hupitisha hata sauti isiyopunguzwa ya diski za Blu-ray, lakini deki ikichomekwa kwenye resiva moja kwa moja eARC haihitajiki kwa kazi hiyo. King'amuzi nacho kipeleke kwenye resiva.

Halafu ingia menyu ya sauti ya TV. Ukikuta PCM (TV inafungua sauti yenyewe), badilisha iwe Auto au Bitstream (inaipeleka ikiwa imefungwa). Nimeitwa nyumba kadhaa kutengeneza resiva "mbovu", kumbe TV ilikuwa inaipelekea stirio tu. Nauli nalipwa, lakini naona aibu kudai ya ufundi.

Sinema nyingine kwenye flashi zinaonyesha picha bila sauti. Nikinunua resiva zitaongea? (Mwanza)

Inategemea unachezea wapi. Mara nyingi hizo zina sauti ya DTS, na TV nyingi haziisomi; Samsung waliiacha tangu matoleo ya 2018. Flashi ikibaki kwenye TV, resiva nayo haitapata kitu. Wala usiichomeke kwenye USB ya resiva, nyingi hupiga muziki tu. Nunua boksi la kuchezea video linalotoa sauti bila kuigusa, ulipitishe HDMI ya resiva.

Sebule ni mita 4 kwa 3.5, kochi limegusa ukuta. Nichukue 5.1, 7.1 au yenye Atmos? (Tanga)

5.1. Mbili za ziada za 7.1 hukaa nyuma ya msikilizaji, na wewe nyuma yako kuna ukuta. Weka za pembeni kushoto na kulia kwa kochi, juu kidogo ya masikio, na pesa iliyobaki iende kwenye spika ya katikati.

Atmos hutaka spika za darini, au zile zinazorusha sauti juu igonge dari bapa irudi chini. Jipsamu inafaa. Kama juu ni bati tupu, funga dari kwanza; mvua ya masika ikianza, hata hiyo 5.1 utaizima mwenyewe.