Kwa anayeanza kutengeneza mchezo wa kutisha akiwa Lubumbashi

Kijana akiniambia anataka kutengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha wenye mafumbo, namwuliza kwanza: utachezwa kwa muda gani? Wengi hujibu saa kumi, na kuendelea. Mdogo wangu, mchana uko kazini au masomoni, umeme wa mtaa wa Katuba unakatika jioni ileile uliyotaka kukaa chini, na picha, sauti na msimbo wa programu vyote ni kazi yako peke yako. Lenga dakika kumi na tano. Nyumba moja, vyumba vitatu, mafumbo mawili, basi.

Kuhusu programu ya kutengenezea mchezo sitasema mengi: chukua Godot. Ni ya bure, ina leseni ya MIT, hudaiwi kitu hata ukiuza mchezo. Wengi wa sisi tunaotengeneza kwa kujifurahisha tuliipa macho Septemba 2023, Unity, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ilipotangaza kutoza ada kwa kila mchezo unaosakinishwa. Ada hiyo ilifutwa mwaka uliofuata. Unapofungua mradi mpya, chagua njia ya kuchora picha iitwayo Compatibility, kwa sababu inatumia OpenGL, mfumo wa michoro wa siku nyingi, na laptopu kuukuu inaimudu. Pakua pia maelezo yote ya Godot ya kusoma bila intaneti, utaokoa mega nyingi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda wengi. Woga na fumbo vinagombea kichwa kimoja. Anayefukuzwa hawezi kuhesabu. Ukiweka zimwi mlangoni huku mchezaji akitafuta namba ya kufuli, hataogopa zaidi, atakasirika. Akishakufa mara tatu mahali pamoja, zimwi linageuka kero tu. Watengenezaji wa Resident Evil ya 1996 walilijua hilo: chumba cha kuhifadhi mchezo kina muziki mtulivu, na unapumua. Silent Hill 2 ya 2001 ilikwenda mbali zaidi, ikamwachia mchezaji achague ugumu wa mapigano na ugumu wa mafumbo kila kimoja peke yake.

Kwa hiyo acha woga uje kabla ya fumbo na baada yake. Tuseme sebuleni kuna ubao wa kisolo, mchezo wa kete na mashimo kama bao, na idadi ya kete katika mashimo manne ndiyo namba ya kufungua kabati. Mwache mchezaji ahesabu kwa utulivu, mvua ikipiga bati nje. Afungue kabati, achukue ufunguo. Akipita tena mbele ya ubao, kete zimehama. Hakuna kilichoruka wala kupiga kelele, lakini sasa anajua kuna mtu mwingine ndani ya nyumba, na bado ana korido ya kupita. Fumbo lilelile limefanya kazi mbili, nawe umechora ubao mmoja tu.

Giza nalo ni rahisi kuliko unavyodhani. Kwa mchezo wa 2D, yaani wa picha bapa, nodi (kipande cha kujengea mchezo katika Godot) iitwayo CanvasModulate inatia rangi eneo zima: ipe bluu nzito, usiipe nyeusi kabisa, maana wengi watacheza kwenye simu yenye mwanga hafifu. Kisha mpe mhusika nodi ya mwanga, PointLight2D, iwe tochi yake. Kila kilicho nje ya duara hilo hakihitaji kuchorwa vizuri. Ukungu maarufu wa Silent Hill ya 1999 ulikuwa na kazi kama hiyo, kuficha kwamba PlayStation haikuweza kuchora mbali.

Sauti usizikwapue YouTube. Rekodi zako kwa simu. Chukua mlio wa geti la chuma likifunguliwa polepole, uingize kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, punguza kasi kwa nusu: sauti inashuka oktavu nzima, na geti la jirani linaanza kuguna. Usizikilize peke yako usiku. Zinazokosekana zitafute kwenye tovuti ya Freesound, ila soma leseni ya kila faili: CC0 unaitumia utakavyo, nyingine zinataka umtaje mwenyewe, na nyingine zinakataza biashara.

Kuhusu hadithi nina ubishi wangu. Naona vijana wa hapa wakichora majumba ya Ulaya yenye theluji ambayo hawajaikanyaga, na wazee wetu walikuwa wakikimbilia nyumbani giza likiingia kwa kuogopa batumbula, waliosemekana kukamata watu usiku. Mlima mweusi wa mabaki ya madini na bomba lake refu la moshi tunauona kila siku. Vitumie, na usivieleze sana. Wahusika waseme Kiswahili chetu cha mtaani.

Mradi wote uweke kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, na nakala kwenye flashi, kwa kuwa umeme hauagi unapoondoka.

Ukifika kujaribisha, toa APK, faili la kusakinisha mchezo kwenye simu ya Android, uirushe kwa Bluetooth kwenye simu ya mtu asiyejua michezo, umkalie pembeni, na ufunge mdomo. Hapo ndipo pagumu. Akikwama utatamani kumwonyesha droo ilipo. Usimwonyeshe, andika amekwama wapi na ameanza kugusa nini ovyo. Wawili wakikwama palepale, rekebisha chumba: sogeza tochi, ongeza mlio, toa meza inayoziba droo. Kisha tafuta mtu mwingine, maana wale wawili wameshajua ilipo.