Jua, salfa na klorini katika anga ya Zuhura

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, na kila msimu tunapulizia mizabibu unga wa salfa ili kuzuia ukungu. Binti yangu wa kidato cha tano ameniambia kuwa katika sayari ya Zuhura jua huvunja hewa yenye salfa na klorini. Mwanga unavunjaje hewa? Na salfa ya shambani kwangu, je, nayo huvunjwa?
Mkulima, Hombolo, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako amesema kweli. Itazame kanga iliyoanikwa juani siku nyingi: upande ulioelekea jua hupauka, ilhali uliokunjwa ndani hubaki na rangi yake. Rangi humeza mwanga, na nguvu ya mwanga huo huweza kukata kifungo kinachoshikanisha atomu.

Mawingu ya Zuhura ni matone ya asidi ya salfuriki. Juu yake, mionzi ya urujuanimno, yaani mwanga wa jua usioonekana kwa macho, yenye mawimbi mafupi, chini ya nanomita 220 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), huikata salfa dayoksaidi, hewa ya salfa na oksijeni, na kuibandua atomu moja ya oksijeni. Hidrojeni kloraidi, hewa ya hidrojeni na klorini iliyotambuliwa huko mwaka 1967, haifiki hata sehemu moja katika milioni ya hewa, lakini nayo hukatwa na kuacha klorini huru.

Uchache huo usikudanganye. Hewa ya Zuhura ni kaboni dayoksaidi kwa asilimia 96 hivi, na kwa kuwa jua huivunja bila kukoma kuwa kaboni monoksaidi na oksijeni, tungetarajia kukuta oksijeni tele juu ya mawingu. Cha ajabu, karibu haipo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba klorini hushikana na kaboni monoksaidi, huikutanisha na oksijeni hadi kaboni dayoksaidi irudi, kisha hujitoa ikiwa huru kuanza upya.

Klorini hiyo hiyo, ikikutana na vipande vya salfa, hutarajiwa kuunda molekuli zisizodumu. Mojawapo, salfa dikloraidi, maabara inaifahamu kama kimiminika chekundu, na kwa wekundu huo humeza hata mwanga wa kawaida, ikavunjika upesi. Wanakemia hudhani kwamba kwa njia hiyo atomu za salfa huunganishwa mbili mbili, ingawa kazi hiyo bado imo katika hesabu zaidi kuliko katika vipimo.

Ama salfa yako, ondoa shaka: mionzi mikali ya namna hiyo huzuiwa na oksijeni na ozoni juu kabisa, kabla haijaifikia mizabibu ya Hombolo.