Jibu: Kaswende na VVU kukutwa pamoja

Pole kwa mshtuko, ndugu. Umeuliza kama ni sadfa tu shemeji yako kukutwa na VVU na kaswende siku moja kliniki ya wajawazito huko Kayole. Si sadfa. Magonjwa haya hupita njia moja, na kidonda cha kaswende huvifungulia virusi mlango. Ubaya wake, kidonda hakiumi na hupona chenyewe baada ya wiki chache, kumbe vijidudu vingali mwilini. Nairobi hili linajulikana tangu miaka ya 1980, watafiti walipoona hapa hapa jijini kwamba wenye vidonda sehemu za siri huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi (vingi wakati ule havikuwa vya kaswende, lakini mlango ni ule ule).

Sasa kuhusu kile kipimo cha tone moja la damu, chenye mstari wa VVU na wa kaswende. Ule wa kaswende huweza kutokea hata kama mtu alishatibiwa zamani, kwa hiyo amwambie nesi kama aliwahi kuchomwa sindano ya kaswende. Kama hajawahi, achomwe penisilini ya benzathini mapema, si chini ya siku 30 kabla ya kujifungua, ili mtoto apone. ARV aanze pia, ila hazitibu kaswende.

Na kaka yako je? Apimwe, atibiwe, hata akisema hajisikii mgonjwa. Asipotibiwa, atamwambukiza mkewe upya.