Geuza uangalie chini

Mwanangu Upendo,

Hapa Mafinga hatujambo. Goti la mama yako limepungua kuuma, ila baridi ya mwezi huu ni ileile unayoijua. Umeniuliza kama wale mbwa wawili wa udongo uliowaona kwenye mnada wa mtandaoni, walioandikwa "Staffordshire halisi, mwaka 1850", yaani wa ule mkoa wa Uingereza unaojulikana kwa ufinyanzi, ni wa kweli, maana hawafanani sawasawa na unahofia muuzaji ameokota huku na huku akaziita jozi.

Kutofanana kusikutishe hata kidogo. Naanza na hilo kwa sababu lina historia kwangu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikisimulia ile nyumba ya meneja wa shamba la chai kule Mufindi, nilikofanya kazi kabla hujazaliwa. Juu ya meko ya sebuleni walikaa mbwa kama hao: weupe, masikio ya rangi ya kutu, mnyororo wa dhahabu shingoni na kufuli dogo kifuani. Kuwafuta vumbi ilikuwa kazi yangu, na sikupenda mwingine awaguse. Wa kushoto alikuwa na vitone vinne vya ndevu kila upande wa pua. Wa kulia alikuwa na vitano, na jicho lake moja limepanda kidogo. Mgongoni walikuwa weupe watupu, kwani walitengenezwa wakae mbele ya ukuta.

Jioni moja akaja mgeni aliyejisifu kuvijua vitu vya kale. Akawatazama akiwa amekaa, akasema wa kulia si wa jozi ile. Bila shaka mtumishi alimvunja yule wa awali akatafuta mwingine wa kuziba pengo. Mimi nimesimama palepale na sinia la vikombe. Mbwa wa Staffordshire ningempata wapi, sokoni Mafinga? Na hakumgeuza! Hilo linaniuma hadi leo kuliko tuhuma yenyewe: alitoa hukumu bila kunyanyuka kitini. Mwenye nyumba akanyamaza. Hakuniuliza siku ile, wala baadaye, wala hakuniambia kwamba ananiamini.

Wewe ndiye uliyenituliza, ulipotoka makumbusho ya Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi hukohuko Staffordshire, ukanipigia simu. Ulinieleza kwamba enzi za Malkia Victoria mbwa hao walipakwa rangi kwa mkono, mmoja mmoja, na wengi wa wapakaji walikuwa wanawake na watoto wa maskini. Tena wa kushoto na wa kulia walitoka kwenye kalibu mbili tofauti. Mtoto aliyechoka atarudiaje vitone vilevile? Wanaofanana kila nukta ndio wa kuogopa.

Kwa hiyo, geuza uangalie chini. Wale wa zamani, udongo mbichi ulibanwa kwa vidole ndani ya nusu mbili za kalibu, kisha nusu zikaunganishwa. Unene wake hauko sawa, na tundu la kutolea hewa wakati wa kuchoma ni dogo sana. Waigaji wa baadaye humimina udongo wa majimaji kwenye kalibu, kisha humwaga unaobaki. Sanamu zao huwa nyepesi mkononi, na tundu la chini ni kubwa, mara nyingine kidole kinaingia. Ukikuta mhuri unaosema imetengenezwa Uingereza, huo mwaka 1850 usahau. Wa zamani kwa kawaida hawakupigwa mhuri wowote, na sheria ya kulazimisha bidhaa zinazoingia Marekani zitaje nchi zilikotoka ilikuja mwaka 1890.

Nyufa ndogondogo za juu zisikudanganye. Wapo wanaozitengeneza makusudi, kisha wanazipaka chai ili zionekane za miaka mingi. Chai, Upendo! Watu wa Mufindi wanaamka alfajiri kwenye ukungu kuichuma, mtu anaitumia kudanganyia wenzake. Sasa utaniuliza, chini nako si kunaweza kupakwa chai? Kunaweza, sikatai. Hata mimi nimelifikiria hilo usiku mzima. Lakini chai haiongezi uzito, wala haipunguzi tundu. Bado nasema geuza uangalie chini.

Najua unachotaka ni neno moja, nunua au acha. Picha zote tatu ulizonitumia ni za mbele. Ile dhahabu ya kwenye kufuli inang'aa kwa ukali, na dhahabu ya namna hiyo ilikuja mwishoni mwa karne ya 19. Wale wa Mufindi yao ilikuwa imepoa na kufifia. Kwa upande mwingine, miguu ya mbele imeachana na mwili, kazi ambayo waigaji wengi hawahangaiki nayo. Ninalo neno mdomoni kabisa, lakini sitalitoa. Nikihukumu kwa sura ya mbele peke yake, nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha yule mgeni.

Mwandikie muuzaji atume picha ya chini, ya mgongo, na uzito wa kila mmoja. Akizungushazungusha maneno, hela yako ibaki mfukoni. Akituma, nirushie hapohapo, hata kama huku ni usiku wa manane.

Baba yako