Usichapishe! Tarumbeta zako umezipandisha kwa ruhusa ya nani?

Mkuu, simama hapo hapo. Unaandalia matarumbeta wimbo wa kwaya, umeuliza kama tuba ishuke oktava chini ya besi ya kwaya na utumie programu gani ya kuandikia nota; hayo yasubiri. Lakini uliposema nota za tarumbeta umeshazipandisha toni nzima juu ya zile za kwaya "kama inavyotakiwa", chai yangu ilipoa. Inavyotakiwa na nani?

Mwaka jana nilikuwa wewe. Wimbo wa sauti nne, doh ni G, niliuandalia matarumbeta ya usharika wetu kwa ibada ya Pasaka alfajiri, makaburini. Mjuaji mmoja aliyewahi kupiga bendi ya shule akaniambia tarumbeta zote duniani ni B-flati, yaani ukiziandikia C inasikika B-flati, toni nzima chini, kwa hiyo ziandikie A meja, tromboni na tuba ziache kwenye G. Alivyoongea kwa uhakika, ungedhani tarumbeta kaiunda yeye. Nikakesha siku tatu, kopi nikalipia mwenyewe, mazoezi ya pamoja yakaliwa na mvua.

Saa 11 na nusu mkono ukashuka. Tarumbeta A, tromboni G. Kwaya haijui imfuate baba au mama. Kama kuna marehemu aliyefufuka asubuhi ile, alikuja kulalamikia kelele. Mchungaji akawahi: "Tuombe."

Kumbe wapigaji wetu walirithi usomaji wa nota wa Kijerumani, ule aliousukuma mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941) ili vyombo vipige moja kwa moja kutoka kitabu cha kwaya. Kinachosikika ndicho kinachoandikwa. Bendi za shule na jeshi husoma nota kwa mtindo wa Kiingereza: B-flati ileile wao wanaiita C. Tarumbeta moja, vidole vilevile, karatasi mbili. Yaani yule bwana hakudanganya, alinipa ukweli wa bendi yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mpaka leo ananiita maestro.

Kabla hujaandika nota hata moja, mwambie mpigaji apulize bila kubonyeza kitu, umuulize: hii unaiitaje? Akisema B-flati au F, mpe nota za kwaya zilivyo. Akisema C au G, pandisha toni nzima. Kwenye MuseScore, programu ya kuandikia nota, yule wa kwanza mchagulie tarumbeta ya C, maana ya B-flati hupandishwa na programu yenyewe.

Na umuulize kila mmoja, sio kiongozi tu. Kwetu tarumbeta ya tatu ilipigwa na kijana wa bendi ya shule. Kati ya tarumbeta zote ndiye pekee aliyepiga sawasawa asubuhi ile, maana A ya karatasini kwake ilitoka G, na ndiye tuliyemgombeza.