Mota zinatetema, mkono unayumba

Swali: Mtaalamu, nimetengeneza ukanda wa kuvaa kigashani wenye mota nne ndogo za mtetemo, kama zile za simu. Mkono ukitoka nje ya mstari unaotakiwa kuufuata, mota ya upande uliokosewa inatetema, na kosa likizidi mtetemo unaongezeka. Lakini wanaoujaribu wanachanganyikiwa na mkono unayumba huku na huku. Nikizidisha nguvu, ndiyo kabisa. Je, niongeze mota?

Jibu: La, usiongeze. Ngozi ya kigasha si kama ya ncha ya kidole. Pointi mbili zilizokaribiana chini ya sentimita 4 hivi ni vigumu kuzitofautisha, na mota mbili zikitetema pamoja kwa nguvu sawa, mtu anaweza kuhisi mtetemo mmoja katikati, pasipo na mota yoyote!

Kinachokuangusha ni kutumia nguvu ya mtetemo kumweleza mtu ukubwa wa kosa. Mota hizo huzungusha kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja, kwa hiyo ukipandisha volteji, kasi na nguvu hupanda pamoja. Na vipokezi vya Pacini, vinavyohisi mtetemo ngozini, huwa makini zaidi karibu na hezi 250 (yaani mitetemo 250 kwa sekunde), hivyo kinachohisiwa hakipandi sawasawa na volteji yako. Tena mkono ukiwa mwendoni, ubongo hupunguza hisia za ngozi. Kiwango ulichopima mtu akiwa ametulia hakitakufaa akianza kusogea.

Kuyumba kunatokana na kuchelewa. Mota huhitaji makumi ya milisekunde kushika kasi, kisha mtu ahisi na aitikie, nako kunakula zaidi ya milisekunde 150. Anapoitikia, mkono umeshavuka mstari, mota ya upande wa pili inaamka, naye anarudishwa tena alikotoka. Weka eneo la ukimya pande zote mbili za mstari, ambamo hakuna mota inayowaka. Halafu programu ikadirie, kwa kasi ya mkono, utakuwa wapi baada ya milisekunde 200, na iamue kwa makadirio hayo.

Nguvu iache palepale, badilisha mapigo. Kosa dogo, mapigo mafupi yaliyoachana. Kosa kubwa, ya harakaharaka. Hilo watu hulisoma bila kufundishwa sana.

Jambo jingine: je, umewaambia kama mtetemo ni wa kuukimbia au wa kuufuata? Wewe umekusudia waukimbie, lakini wapo wanaoufuata bila kufikiri. Jaribu zote mbili, chagua moja, uitaje kabla ya zoezi.

Usizifunge mota juu ya kano, ule mshipi unaounganisha msuli na mfupa. Mwaka 1972 watafiti Goodwin, McCloskey na Matthews walionyesha kwamba kano ya msuli wa mbele wa mkono wa juu ikitetemeshwa, mtu huhisi kiwiko kinanyooka ilhali kimetulia. Mota ndogo mara nyingi hazina nguvu hiyo, ila sioni sababu ya kubahatisha.

Na kama lengo ni mazoezi ya kujifunza, zima ukanda katika baadhi ya marudio. Akiuzoea kila mara, atafanya vizuri akiwa ameuvaa tu.