Kabla hujanunua betri, hesabu kwanza matumizi yako

Tangu niweke paneli za jua juu ya nyumba yangu hapa Lubumbashi, majirani huniuliza wanunue konvertisa (inverta) ya wati ngapi, nami siwatajii namba yoyote mpaka waniambie wanataka kuwasha nini umeme ukikatika. Muuzaji huanza na wati kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini konvertisa haihifadhi umeme: inaugeuza tu ule wa betri ili ufae vyombo vya nyumbani. Betri ndiyo itakayoamua mtakaa na mwanga hadi saa ngapi.

Tuchukue betri ya kawaida ya risasi, ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa maandishi ina wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100; chombo nacho hula wati zake mara saa kinazowaka), ila ukiizoesha kushuka chini ya nusu itakufa mapema, hivyo wewe hesabu 600. Taa nne za wati 9 zikiwaka saa tano hula 180, televisheni ya wati 60 kwa saa nne hula 240, na zinazobaki zitatosha simu za watu wa nyumbani pamoja na kile kinachopotea ndani ya konvertisa yenyewe. Sasa chomeka pasi ya wati 1,000, uone kama utafikisha dakika arobaini. Pasi, birika na jiko la umeme visubiri umeme wa kawaida urudi. Chakula cha jioni kipikwe kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, kama ambavyo nyumba nyingi za mji huu hufanya hata siku umeme upo.

Ukifika dukani, inyanyue betri kabla ya kuuliza bei. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa kati ya kilo 25 na 30. Ukiona unaibeba kwa mkono mmoja huku unaongea, maandishi yaliyo juu yake ni mapambo. Betri ya lithiamu ni nyepesi zaidi na huvumilia kutumika zaidi ya nusu bila kuharibika haraka, lakini ni ghali, na fundi lazima ahakikishe kwamba chaja na regulateri (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) vinaendana nayo.

Paneli zielekezwe kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta. Kivuli cha tawi moja la mwembe hupunguza umeme kuliko watu wanavyodhani, na wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu hutanda juu ya kioo, kwa hiyo zifute asubuhi na mapema kabla hazijapata moto. Idadi ya paneli ipange kwa kufuata miezi ya mvua, wakati mawingu yanapokaa siku nzima, si kwa kufuata jua la Agosti.

Kwa anayeuza samaki wa kugandishwa, betri moja haitamfaa kitu. Nilimshauri mama mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alijaze friza lake, na penye nafasi aweke chupa za maji, kwa sababu friza lililojaa na lisilofunguliwa hutunza baridi hata siku mbili. Umeme ukirudi asilichomeke papo hapo; angoje dakika kadhaa, kwani mara nyingi volti hurudi zikiwa zinapanda na kushuka, na hapo ndipo kompresa huungua. Mwenye jenereta naye aiweke nje, mbali na madirisha, hata kama anaogopa wezi: moshi wake huua watu wakiwa usingizini.

Na serikali je? Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa ili kulisha migodi, na sheria ya nchi yetu ya 2014 ilifungua soko la umeme kwa makampuni binafsi. Hayo yote ni mema, ila kwa maoni yangu nyumba ya kawaida inahitaji kwanza mita. Asiye na mita, anayelipa kiasi kilekile kila mwezi, hana sababu ya kuzima taa ya nje mchana, wala hana ushahidi wa kuonyesha kwamba alipewa umeme nusu ya mwezi tu. Na kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ningependa betri zinazoingia zipimwe ubora kabla ya kutozwa ushuru.